Kuonja Nako ni Kula

Katika miaka ile baada ya vita kuu ya pili, kaskazini ya mji wa Singida, heshima ya mtu ilipimwa kwa vijiko. Wakati wa vita sukari ilikuwa adimu na watu walikunywa chai kavu bila kufa. Vita ilipokwisha na sukari ikarudi katika maduka ya Wahindi, waliinywa kana kwamba wanalipiza kisasi. Mgeni aliyepewa chai ya vijiko viwili alitoka hapo akaenda kwa jirani kusema kwamba amenyimwa. Vijiko vinne vilikuwa adabu, na sita vilikuwa upendo. Ulafi ukishavaa nguo ya ukarimu huingia nyumba yoyote bila kubisha hodi, na wenye nyumba huusogezea kigoda.

Uliingia pia nyumbani kwa Dorika, karibu na Mtinko, na hapo ulikuta mwenyeji mwema sana. Mume wake, Antipasi, alikuwa mtu mnene wa kucheka, mkulima wa mtama na mwenye mizinga karibu mia mbili iliyotundikwa mitini upande wa machweo. Chai yake aliinywa kwa bakuli. Uji wake wa asubuhi ulitiwa sukari, na juu ya sukari ukatiwa asali, kwa sababu, alisema, sukari ni ya ulimi na asali ni ya roho. Dorika mwenyewe alizaliwa Kiomboi, Mnyiramba, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa na sifa ya kupika. Hakuwa na elimu kupita darasa la pili la misheni, lakini alikuwa na tabia moja ambayo wasomi wengi hawana: jambo asilolielewa aliliangalia mpaka alielewe.

Mwanzoni mwa Januari, mwaka ule ninaousimulia, Antipasi alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali. Nguo zikampwaya. Mwiba ukamchoma kidole gumba cha mguu wa kulia shambani, kidonda kidogo tu, lakini wiki tatu zikapita nacho kikakataa kufunga. Yeye alisema ni uchovu wa palizi. Dorika alikuwa ameona jambo jingine. Nyuma ya zizi, kwenye ua wa minyaa, mahali ambapo Antipasi alizoea kwenda haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejaa. Walikuja kwa safu, kama watu wanaokwenda mnadani, na hapakuwa na chakula wala makombo mahali pale.

"Baba Kristina," alimwambia, kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "kesho tunakwenda zahanati."

"Kwa mwiba?"

"Kwa sisimizi."

Zahanati ilikuwa ya misheni, nyumba ya vyumba viwili, na aliyeitunza aliitwa Laurenti. Watu walimwita dresa, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kufunga vidonda, ingawa alifunzwa na mengine. Alikuwa kijana mwenye miwani na maneno machache. Alimsikiliza Dorika habari za sisimizi bila kucheka, akamtuma Antipasi nje na chupa ndogo, kisha akachukua kidogo cha kile alicholeta, akakitia ndani ya dawa ya buluu katika mrija wa kioo na kuuchemsha juu ya taa ya spiriti. Dawa ile ikageuka kijani, ikawa ya manjano, ikaishia rangi ya tofali.

"Ikibaki buluu, ni vizuri," alieleza. "Kijani, sukari ipo kidogo. Hii ya tofali, baba, wewe una duka zima mwilini. Ni ugonjwa wa sukari. Wako wagonjwa ambao lazima wapate sindano za hospitali kubwa. Wako wengine ambao chakula chao kikitengenezwa mapema hupona vidonda na kuishi. Daktari hupita hapa kila baada ya miezi kadhaa. Nitamwandikia."

Daktari, Mzungu mzee wa misheni, alipopita siku chache baadaye alikibonyeza kile kidole, akakinusa, akasema maneno ambayo Laurenti aliyafasiri polepole. Mgonjwa aanze na chakula. Atarudi mwezi wa saba. Akikuta kidole kimekauka, mgonjwa amshukuru Mungu. Akikuta bado kibichi, atakikata, na kama ubichi umepanda, atakata na mguu.

Antipasi hakucheka tena mpaka walipofika nyumbani. Hapo alimwita Dorika, akatoa mfuko wa sukari, akamkabidhi mbele ya mashahidi, yaani dada yake Theresia na mume wake Theresia, Marko, waliokuwa wamekuja kumjulia hali.

"Kuanzia leo," alisema, "sukari haingii kinywani mwangu."

Na hakudanganya. Sukari ya dukani hakuigusa. Alitia asali. Uji ulipata asali ya nyuki wakubwa, na chai ilipata asali ya nyuki wadogo wasiouma, ile nyembamba yenye uchachu, ambayo wazee huiweka kwa ajili ya kikohozi. Kwa kuwa ni dawa ya kikohozi, alisema, haiwezi kumgeukia mtu. Dorika aliona maneno hayo yana busara. Asali hutoka kwenye maua na sukari hutoka kwenye gunia, na nani angeshuku maua? Isitoshe aliona kwamba kijiko kimoja cha asali kilikolea kuliko viwili vya sukari, na uji haukupoteza harufu mradi uitie ukishaepuliwa. Wiki mbili akajisifu. Kisha akaenda nyuma ya zizi.

Safu ya sisimizi ilikuwa pana kuliko ya kwanza.

Mwanamke mwingine angalilia, au angalimwendea mpiga ramli. Dorika alikaa juu ya jiwe, akawatazama wale wadudu wakipishana, akafikiri kwamba hapa amepata kipimo kisichohitaji taa ya spiriti. Akaamua kuvijaribu vitu vitamu kimoja baada ya kingine, kila kimoja wiki moja, na kuwauliza sisimizi. Mwisho wa kila jaribio angempelekea Laurenti chupa, ili mwenye elimu na wasio na elimu walinganishwe.

Chupa ya kwanza ilimletea taabu njiani. Aliiweka kapuni na kuifunika kwa majani ya maboga. Akakutana na Theresia kisimani.

"Wifi, hujambo. Umebeba nini kwa uangalifu hivyo?"

"Sijambo, wifi. Nakwenda zahanati tu."

Theresia alikuwa mwanamke mwema, lakini mikono yake haikujua mipaka. Alifunua majani, akaiona chupa ya kioo na kilichomo, cha rangi ya dhahabu, kiking'aa juani.

"Asali ya nyuki wadogo," alisema. "Na umeificha. Kaka yangu ananyimwa tamu, kumbe nyinyi mnampelekea dresa." Akachomoa kizibo, akasogeza pua.

"Rudisha kizibo, wifi. Hiyo imetoka kwa kaka yako."

"Najua imetoka kwa kaka yangu. Nani mwingine hapa ana mizinga?"

"Haikutoka mzingani."

Theresia alirudisha kizibo, akairudisha chupa kapuni kwa vidole viwili, akanawa mikono mara tatu. Tangu siku hiyo hakufunua kapu la mtu, na hilo peke yake lilikuwa faida kwa kijiji.

Laurenti alichemsha. Tofali.

"Asali ni nzuri," alisema. "Kwa mwenye afya, kijiko kimoja ni bora kuliko vijiko sita vya sukari. Lakini damu haiulizi utamu umetoka mtini au dukani. Ukishaingia umeingia."

Dorika hakuamini mara moja, na hakuna kosa katika hilo, kwa sababu mtu akiamini bila kupima ataamini na uongo. Alijaribu sukari guru, ile nyeusi inayouzwa kwa vipande Singida mjini. Muuzaji alimwapia kwamba ni miwa mitupu, haijatiwa kitu, na wazee wa kwao huila mpaka wanazeeka na meno yao. Ilikuwa na harufu ya moshi, na maandazi yaliyotiwa ile yalipendeza kuliko yote. Sisimizi pia waliyapenda. Tofali.

Alijaribu tende za Mwarabu, zilizoshikamana kikapuni kama udongo. Alizichemsha, akazitoa kokwa, akaziponda ndani ya uji wa uwele. Tende zilishibisha, na alipompa Antipasi tatu tu safu ilipungua. Alipompa kumi, kwa sababu alizililia, safu ilirudi. Manjano. Alijaribu michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akavipika na karanga zilizotwangwa. Vilikuwa vitamu kwa kiasi, na karanga zilimfanya ashibe kabla ya kuomba tena. Bakuli dogo, sisimizi wachache. Bakuli kubwa, sisimizi wengi. Manjano, kisha kijani ya matope.

"Naona jambo," alimwambia Laurenti. "Hakuna kilicho kitamu ambacho si sukari. Vinapishana mbio tu. Kingine kinakimbia, kingine kinatembea, vyote vinafika."

"Mama, hayo niliambiwa darasani kwa miezi sita," alijibu Laurenti.

"Wewe hukuwa na sisimizi."

Kwaresima, iliyochelewa mwaka ule, ilikuwa imefika, na hapo Dorika alifanya uamuzi wake mkubwa. Aliacha kutafuta kitu cha kushika mahali pa sukari, akaanza kuufundisha ulimi wa mume wake kuishi bila kubembelezwa. Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikataa. Wanataka dhambi mpya isiyo na jina baya, ili waiache ya zamani bila kujinyima. Dorika alitia unga wa ubuyu kwenye uji, ukawa mchachu. Alitia tangawizi kwenye chai, pamoja na maziwa mengi, kwa sababu aligundua kwamba maziwa yaliyochemshwa polepole yana utamu wao mdogo ambao mtu wa vijiko sita hawezi kuusikia. Mchana alimpa ugali wa mtama kwa mlenda na maziwa ya mgando, ugali wa kipimo cha ngumi mbili, mlenda bila kipimo.

Wiki ya kwanza Antipasi alinuna kama mtoto.

"Mama Kristina, uji huu unanitazama vibaya."

"Unywe ukiwa umefumba macho."

"Bwana wetu alifunga siku arobaini, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba alipewa ubuyu."

"Angepewa angeshukuru."

Wiki ya tatu aliacha kulalamika. Wiki ya tano alikunywa chai nyumbani kwa Theresia, ambaye kwa huruma alimtilia kijiko kimoja na nusu kwa siri, naye akaitema, akasema imemwagikiwa na kitu. Siku ya Pasaka Dorika alikwenda nyuma ya zizi na kukuta ardhi tupu. Laurenti alichemsha, na dawa ikabaki buluu yenye kijani kidogo pembeni. Kidole kilikuwa kimeanza kufunga ukingoni. Antipasi alikwenda misa kwa miguu yake, akaimba kwa sauti ambayo wengine walitamani angeipunguza.

Ingekuwa hadithi fupi kama isingekuja Juni. Juni ni mwezi wa kurina katika nchi ile. Maua ya masika yamekwisha, masega yamejaa, na wanunuzi hutoka mbali. Antipasi, kwa ajili ya kidole, hakuweza kupanda miti. Marko alipanda kwa niaba yake na kuteremsha ndoo za gome zilizojaa masega, naye Antipasi alisimama chini na kufanya yale ambayo mwenye mizinga pekee anaweza kufanya. Wiki mbili zikapita. Dorika alikwenda nyuma ya zizi kutupa majivu, akasimama. Safu ilikuwa imerudi. Alipofungua kitambaa cha kidole aliona ukingo uliofunga umefunguka upya. Siku zilizobaki kabla ya daktari kurudi hazikufika thelathini.

Alimkalisha mume wake.

"Umekula nini?"

"Ulichopika."

"Na kingine?"

"Mama Kristina, ninaapa kwa rozari ya mama yangu. Sijala kitu kitamu."

Alimjua. Antipasi alikuwa na kasoro, lakini kuapa uongo haikuwa mojawapo. Dorika akaona kwamba yuko mbele ya jambo asilolielewa, na jambo la namna hiyo, kama nilivyosema, aliliangalia. Kesho yake alibeba chakula cha warinaji mwenyewe, akaenda mpaka kwenye miti.

Alimkuta mnunuzi mmoja, Mazengo, Mgogo mwenye ndevu nyeupe na fimbo, ameketi juu ya debe lake. Moshi wa mwenge ulikuwa bado hewani. Marko alikuwa ameteremka na masega ya mzinga wa kwanza wa siku ile. Antipasi alikata kipande cha ukubwa wa kiganja, kinachotiririka, akakiinua mbele ya macho ya Mazengo ili akione vizuri, akakitia kinywani, akakitafuna chote, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba umebaki mtupu. Mazengo akatikisa kichwa kukubali.

Hiyo ndiyo desturi ya kule. Asali huweza kutoka kwenye maua mabaya, au kutoka kwenye mkono mbaya. Basi mwenye mzinga huonja kwanza, mbele ya anayenunua, mzinga kwa mzinga. Asiyeonja hauzi.

Dorika aliweka kapu chini. "Mizinga mingapi kwa siku?"

"Leo kumi na mmoja," alisema Marko, aliyekuwa hana habari za kitu chochote.

"Baba Kristina. Uliniapia."

"Niliapa sijala," alisema Antipasi, na uso wake ulikuwa safi kabisa, uso wa mtu asiyelijua kosa lake. "Hapa sili. Hapa naonja. Kuonja si kula, ni kazi."

"Kiganja kizima?"

"Kidogo hakionekani kwa mnunuzi."

Hapo ndipo mwanadamu anapojulikana. Mtu mwaminifu, aliyeshinda sukari, asali ya nyumbani, sukari guru na tende, alikuwa akila masega kumi na moja kwa siku na dhamiri yake imelala fofofo, kwa sababu ameyapa jina lingine. Wengi tuna vitu vya namna hiyo. Tunaviita kazi, au desturi, au heshima kwa wageni.

Dorika hakupiga kelele. Alimwambia yale aliyoyaona nyuma ya zizi na kwenye kitambaa, na akataja siku zilizobaki. Antipasi alikitazama kidole chake. Kisha akasema polepole, "Basi sitaonja tena."

"Basi sitanunua," alisema Mazengo. "Usinichukie, mama. Babu yangu alikufa kwa asali ya mtu aliyekataa kuonja."

"Alikufa kweli?"

"Aliharisha siku tatu. Ni jirani wa kufa."

"Na mwenye mzinga akiwa mgonjwa?"

"Ndugu yake anaonja. Mwanawe. Mtu ambaye kifo chake kitamuuma."

"Mimi je?"

Mazengo alimtazama. "Sijaona mwanamke akionja mzingani."

"Mzee, sisi tulioana kanisani. Padri alisema tangu siku ile sisi si wawili tena, ni mwili mmoja. Kama ni mwili mmoja, ulimi wangu ni wake. Na tumbo langu likiuma, ni lake."

"Mimi sikuoa kanisani," alisema Mazengo. "Nina wake watatu. Ningekuwa na ndimi nne, nisingepata usingizi." Akasugua ndevu. "Na kama mmekubaliana kuniua, na wewe umejitolea?"

"Mnyiramba afe kwa ajili ya debe la Mgogo? Hukuwahi kusikia jambo hilo, na hutalisikia."

Mazengo alicheka mpaka debe likayumba chini yake. Alipomaliza kucheka alinyosha fimbo kuelekea ndoo. "Haya. Onja. Lakini kiganja kizima, kama yeye."

Dorika alikata, akainua, akatafuna, akameza, akafungua mdomo. Marko akapanda mti wa pili, na wa tatu. Kwenye mzinga wa nne Dorika alisema masega ya chini ni ya mwaka jana, yatengwe. Mazengo alionja mwenyewe, akakubali, na akasema ulimi huu una macho kuliko ule mwingine. Kwenye mzinga wa saba Dorika alianza kutoa jasho. Kwenye wa tisa aliomba maji, kisha ubuyu. Wa kumi na moja aliumeza akiwa ameshika mti kwa mkono mmoja, na Antipasi, aliyekuwa ameketi pembeni anakula ugali kwa mlenda, alimwuliza kwa upole kama uji wake wa ubuyu ungemfaa.

"Nyamaza," alisema Dorika.

Alionja kwa siku nne zaidi, mpaka mizinga ikaisha, akipunguza ukubwa wa vipande kadiri Mazengo alivyozidi kumwamini. Baada ya hapo hakutaka kuona asali mwezi mzima, na hata harufu ya nta ilimfanya ageuze uso. Nyuma ya zizi safu ilikonda, ikawa uzi, ikakatika. Alikuwa akikifungua kitambaa kila asubuhi, akikisafisha kidole kwa maji ya chumvi kama Laurenti alivyomfundisha, na Antipasi alitazama upande mwingine.

Daktari alikuja Jumanne moja ya mwezi wa saba. Alikibonyeza kidole kulia na kushoto. Laurenti alichemsha mrija wake, akauinua dirishani ili watu wote waone: buluu, kama alivyoimimina dawa. Daktari aliuliza mgonjwa alipewa dawa gani. Laurenti alimwelekezea Dorika, naye alieleza yote, asali na guru na tende na michembe, vijiko na viganja, na Laurenti alifasiri mpaka akachoka. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Alisema maneno mawili tu.

"Anasema nini?" aliuliza Antipasi.

"Anasema, vidole kumi," alisema Laurenti. "Mimi naongeza, nendeni nyumbani. Na msirudie."

Njiani Antipasi alitangulia. Alisalimia kila aliyekutana naye, hata wale aliokuwa amewasalimia asubuhi, na alitembea kwa kishindo kana kwamba njia ni yake. Kwenye mteremko alisimama, akageuka.

"Mama Kristina, mbona unabaki nyuma? Umechoka?"

"Sijachoka," alisema Dorika. "Endelea tu. Nataka kuutazama mguu ukitembea."